Pimbi, Kiboko na Asilimia Tisini na Tisa

Paukwa!

Pakawa!

Nyie wa nyuma, mezeni kwanza hizo karanga. Paukwa!

Pakawa!

Palikuwa na jabali.

Na liwepo!

Chini ya jabali, kisima.

Na kiwepo!

Juu ya jabali, laptopu.

Mbona mmenyamaza? Ilikuwepo. Asiyeamini akatunge yake.

Basi, laptopu hiyo ilikuwa ya Mama Pimbi, na kazi yake ilikuwa moja tu: kutunza zamu za maji. Kiangazi kilikuwa kimekaza, mto umebaki mchanga mtupu, na wanyama wote wanategemea kisima kimoja. Mlangoni pa kisima alisimama Tembo. Tembo hajui kusoma, lakini hana mchezo. Ukifika, anauliza, "Mashine imesema?" Pimbi akijibu kutoka juu, "Imesema," unakunywa. Asipojibu, unarudi kwako na kiu yako.

Mashine yenyewe ilikuwa imezeeka. Betri imechoka, inaishi kwa umeme wa sola, na wingu likipita tu inazima, piii! Kwa hiyo kila jioni Pimbi alinakili zamu za kesho yake kwa mkaa, ubavuni mwa jabali. Na kila asubuhi akiiwasha, mashine inamuuliza, "Mfumo mpya uko tayari. Sasisha sasa, au baadaye?"

Pimbi anabonyeza "Baadaye." Tap.

Kesho yake, "Sasa, au baadaye?"

"Baadaye." Tap.

Miaka sita, tap, tap, tap. Haukuwa uvivu. Binamu yake wa jabali la pili aliukubali mfumo mpya, na programu yake ya zamu ikagoma palepale, haikufunguka tena. Programu ya Pimbi ilikuwa ileile. Aliipenda, na aliogopa kuipoteza.

Siku moja asubuhi akaja Kiboko. Pudu, pudu, pudu. Kule bondeni, mwendo wa nusu siku, kulikuwa na bwawa la tope, ambalo wengine hawawezi kulinywa lakini kwa viboko ni raha tupu. Huyu kutembea hataki. Anataka kisima.

"Wewe mama wa mawe," akasema, "futa majina yote. Andika Kiboko, Kiboko, Kiboko, mpaka chini."

"Na wengine wanywe nini, Bwana Mkubwa?"

"Watajua wenyewe. Ukikataa, naikalia hiyo mashine."

Pimbi akapiga hesabu. Watoto wake wanne hawakuwa wamegusa maji tangu juzi, midomo imewapasuka, na zamu yao ilikuwa siku hiyohiyo, saa sita mchana. Akikubali, watoto wanakosa. Akikataa, mashine inakuwa chapati, na baadaye ni yeye. Akakitazama kioo. Mashine nayo, kama kawaida yake, ikauliza: sasa, au baadaye?

Akaitazama programu yake. Miaka sita! Roho ilimuuma kwelikweli. Kisha akayatazama maandishi ya mkaa pale jabalini, zamu zote za leo, herufi kubwakubwa. Akaamua.

"Ningekuandikia, bwana, lakini mfumo huu wa kizamani haukubali jina moja mara mbili kwa siku. Mfumo mpya ndio... ah, tuuache."

"Tuuache nini? Sema!"

"Mfumo mpya unaandika jina moja mpaka masika. Ila una masharti, na mimi siuwezi. Sina mwili wa kukaa nao."

"Mwili?" Kiboko akacheka, ho, ho, ho! "Mwili ninao mimi. Masharti gani?"

"Anayebonyeza ndiye anayekaa. Haondoki, haizimi, mpaka ifike asilimia mia. Na pa kukaa ni hapa kwenye sola, juani."

Kiboko akapanda, kokoto zikaporomoka, poro, poro, poro. Akabonyeza "Sasa" kwa ncha ya pua. Tap!

Kioo kikawa cheusi. "Inasasisha. Asilimia moja. Usizime mashine."

Chini akafika Paa. "Mashine imesema?" Tembo akauliza. Pimbi akasoma mkaa. "Imesema." Gudu, gudu, gudu.

"Mbona huyo anakunywa?" Kiboko akafoka.

"Hiyo ilisemwa jana, bwana. Zako zinaanza ikifika mia."

"Imefika ngapi?"

"Nne."

Jua likapanda. Akaja Nungunungu. "Mashine imesema?" "Imesema." Gudu, gudu, gudu.

"Ngapi?"

"Ishirini na tisa. Pole na jua."

Ngozi ya Kiboko ikaanza kukaza, ikaanza kuwasha. Saa sita ikafika, na watoto wanne wa Pimbi wakateremka wamefuatana. "Mashine imesema?" Tembo akauliza. Pimbi akajibu, "Imesema." Gudu, gudu, gudu, gudu. Kitinda mimba alikunywa mpaka tumbo likawa ngoma, akajilaza palepale, akacheua. Pimbi alifurahi mpaka akasahau kwamba amekaa na Kiboko.

"Wewe! Ngapi?"

"Tisini na tisa, bwana."

Kiboko akachangamka. Akajilamba. Akangoja.

"Ngapi?"

"Tisini na tisa."

Swala wakaja, wakanywa, wakaondoka.

"Ngapi?"

"Tisini na tisa."

"Mama weee! Haiendi?"

"Inafikiri."

Alasiri, mgongo wa Kiboko umepasuka kama tope la kiangazi, kioo kikawaka. Pimbi akasoma kwa sauti: "Hatua ya kwanza kati ya tatu imekamilika. Inaanza upya. Asilimia moja."

"Tatu?!"

Kiboko hakuaga. Pudupudupudupudu, bondeni moja kwa moja, huku anapiga kelele, "Ikifika mia mniite!"

Jua lilipotua mashine ilizima, kesho yake ikaendelea pale ilipoachia, ikamaliza. Pimbi akaifungua programu yake, na kioo kikamwambia kwamba haifanyi kazi kwenye mfumo huu. Akalia kidogo, hakujificha. Kisha akaifunika, akaokota kipande cha mkaa, akaandika zamu za kesho. Siku hizi watoto wanalala juu ya laptopu, maana ina joto zuri. Tembo bado anauliza kama mashine imesema, na Pimbi bado anajibu imesema.

Na Kiboko? Mtazameni majini: mwili wote ndani, masikio nje. Anasikiliza kama ameitwa.

Sasa fundisho, maana najua mtaulizwa. Fundisho ni hili: ukiambiwa sasisha, sasisha siku hiyohiyo. Usiseme baadaye.

Mnacheka nini? Simu yangu? Simu yangu haihusiki hapa. Nitaisasisha kesho.

Ngano yangu naiweka chini. Ikiwanogea, kawapakulieni wenzenu. Isipowanogea, nirudishieni nikaiongeze chumvi.