Kiapo cha Mzee Kapinga

Bunduki haiwi tupu kwa kiapo. Asubuhi hii mmemsikia fundi wa ndege akimwambia maneno hayo mwenzake aliyedai ameshakaza nati zote, mkaja kuniuliza kwa nini mtu ataje bunduki wakati mkononi ameshika spana. Ninyi bado wageni hapa uwanjani, hii ndiyo wiki yenu ya pili ya mafunzo, kwa hiyo sishangai. Msemo huo haukutoka mbali. Ulizaliwa kwenye kaunta ile ya pili kutoka mlangoni, na katika wafanyakazi waliokuwa zamu siku hiyo nimebaki mimi tu. Kaeni niwaeleze ulivyopatikana.

Palikuwa na mzee akiitwa Gaudensi Kapinga. Alikuwa askari wa wanyamapori kwa miaka thelathini na moja kabla ya kustaafu. Mwaka ule simba walipoanza kula watu katika vijiji vya bondeni, serikali ilimpeleka yeye. Alilala juu ya paa la ghala la mahindi kwa siku kumi na mbili, akashuka pale tu simba wa mwisho alipokufa. Tangu hapo akiingia dukani waliokaa walisimama, na kanisani benchi la mbele halikukaliwa mpaka ijulikane kama anakuja au haji.

Siku ninayoisema alikuwa anasafiri na mkewe, ambaye sote tulimwita Mama Skola, kwa jina la binti yao wa pekee. Kampuni moja ya uwindaji huko kaskazini ilikuwa imemwalika akawafundishe askari vijana namna ya kutumia bunduki bila kuhatarisha watu. Aliona ni vyema aende na bunduki yake mwenyewe, ile aliyoizoea.

Bunduki kusafiri kwa ndege si jambo la ajabu, na ninyi mtakutana nazo. Mwenyewe anakuja mapema na kusema alichobeba. Anaonyesha leseni na kibali cha polisi. Bunduki inakaa ndani ya sanduku gumu lenye kufuli, risasi zinafungwa mbali nayo, na askari anaifungua bunduki mbele ya mwenyewe kuhakikisha haina kitu ndani. Baada ya hapo ndipo sanduku linafungwa na kupelekwa kwenye tumbo la ndege pamoja na mabegi mengine. Kuna fomu yenye mstari unaosema imekaguliwa na ni tupu, na chini yake sahihi mbili, ya askari na ya karani wa mizigo. Karani siku hiyo nilikuwa mimi.

Mzee Kapinga alifuata kila kitu. Alifika saa nne na nusu kwa ndege ya saa saba. Karatasi zake zilikuwa safi, sanduku lake limefutwa vumbi, na risasi zake zilikuwa kwenye boksi lake peke yake. Nilimwamkia, nikaulizia afya, nikajaza fomu huku tunazungumza. Kisha nikatia sahihi yangu. Nisikilizeni vizuri hapo: nilitia sahihi kabla sanduku halijafunguliwa. Sikuona kosa lolote. Huyu alikuwa Mzee Kapinga.

Askari wa zamu alikuwa Koplo Imelda, msichana wa miaka ishirini na sita, aliyekuwa na miezi mitatu tu kituoni. Alizaliwa katika kijiji kimoja cha kule bondeni, na mama yake mwenyewe alikuwa ametuhadithia jinsi simba alivyomkosa kisimani wiki moja kabla Mzee Kapinga hajafika. Imelda alipiga goti akatoa shikamoo, akapokea marahaba, kisha akamwomba mzee afungue sanduku. Mzee alilifungua. Lakini Imelda alipotaka kuinyanyua bunduki, mzee aliweka kiganja chake juu yake.

Hakukasirika, na heri angekasirika. Alisema kwa upole kwamba bunduki ile alikuwa nayo tangu Imelda hajazaliwa, na kwamba ni tupu. Imelda alijibu kuwa anamwamini, ila utaratibu unamtaka aone kwa macho yake. Foleni nyuma yao ilikuwa imeanza kurefuka. Mwanamume mmoja alisema kwa sauti, ili asikike, kuwa ni aibu kumpekua mtu kama yule kana kwamba ni mwizi. Wengine waliitikia. Msimamizi wetu wa zamu, Bwana Luoga, alikuja kuuliza kuna nini, akanong'ona kwamba mambo mengine yanahitaji busara.

Hapo mzee akaeleza. Asubuhi ile, kabla hawajatoka nyumbani, mkewe aliogopa kusafiri na silaha. Ili amtoe hofu, aliishika bunduki mbele yake akavuta kifyatuo. Ilitoa mlio mdogo wa chuma, basi. Mkewe alisikia mwenyewe. Mama Skola, aliyekuwa kando yake ameshika kikapu, alitikisa kichwa kukubali.

Mzee akainua mkono wa kulia.

"Naapa kwa Mungu aliyeniumba," alisema, "na kwa kaburi la mama yangu. Bunduki hii haina kitu."

Na mimi, mnayeniona hapa, nilisema maneno ambayo hata leo nikiyakumbuka nasikia baridi. Nilisema, "Imelda, mzee ameshaapa. Mwache apite."

Imelda alinitazama. Machozi yalikuwa yameshafika ukingoni. Alimgeukia mzee akasema, "Mzee wangu, nitakuja nyumbani kwako kukuomba radhi." Akakiondoa kile kiganja kwa mikono yake miwili, taratibu, kama mtu anayeondoa mkono wa mgonjwa. Akaibeba bunduki mpaka kwenye sanduku la mchanga lililowekwa pembeni kwa ukaguzi wa silaha, akaelekeza mdomo wa bunduki mchangani, akavuta komeo la chuma ubavuni.

Risasi ikaruka nje.

Iligonga vigae, ikadunda, ikabiringika polepole mpaka ikasimama kwenye kiatu cha Bwana Luoga. Yule mwanamume aliyesema ni aibu alikuwa ameziba mdomo kwa tiketi yake ya ndege.

Mzee Kapinga aliitazama risasi ile kama mtu anayetazama kitu kilichotoka ndani ya mwili wake. Alisema, "Hapana," kwa sauti ndogo, akarudia tena, "hapana." Baadaye alikumbuka. Miezi miwili nyuma alikwenda kulinda mahindi yake dhidi ya nguruwe pori, mvua ikamnyeshea mpaka mifupani. Alirudi nyumbani akatoa risasi zote za kwenye magazini, kile kikasha kinachozibeba. Ile moja iliyokuwa imeshaingia kwenye mtutu, tayari kupigwa, hakuitoa. Baridi ilimshika, akaweka bunduki kabatini akaenda kuota moto.

Tungeishia hapo, ingetosha kututoa jasho. Lakini Imelda aliinama akaiokota ile risasi, akaigeuza, na nikaona uso wake unabadilika.

"Mzee," alisema, "kitako chake kina alama."

Sikuelewa. Mzee alielewa mara moja, kwa sababu alishika kaunta kwa mikono yote miwili. Kila risasi, wanangu, ina kifungo kidogo kwenye kitako, na bunduki ikifyatuliwa msumari ulio ndani yake hupiga pale, baruti ikawaka. Kifungo cha risasi ile kilikuwa kimebonyea. Ilikuwa imeshapigwa mara moja ikagoma, labda kwa unyevu wa ile mvua. Mlio mdogo wa chuma waliousikia asubuhi haukuwa wa bunduki tupu. Mzee alikuwa amefyatua risasi nyumbani mwake, mbele ya mkewe, ila tu haikulipuka.

Mama Skola aliweka kikapu chini.

"Baba Skola," alisema, "uliielekeza wapi?"



"Uliielekeza ukutani," mama akajijibu mwenyewe. "Ukuta wa chumba cha Skola."

Skola, binti yao, alikuwa amerudi kwa wazazi kujifungua. Mtoto alikuwa na siku tisa. Saa ile ya asubuhi, nyuma ya ukuta ule wa tofali za udongo, Skola alikuwa ameketi kitandani akimnyonyesha, mgongo wake umeegemea palepale. Mama Skola alipomaliza kusema hivyo alikaa chini kwenye vigae mbele ya watu wote, na hakuna aliyethubutu kumwinua. Mimi nilikuwa naitazama fomu. Sahihi yangu ilikuwa pale, nzuri, imenyooka, chini ya neno tupu.

Bwana Luoga ndiye aliyezinduka kwanza. Aliichukua risasi mkononi mwa Imelda, akaifunga kwenye leso yake, akasema kwa sauti ya chini kwamba mzee ni binadamu, amesahau, hakuna aliyeumia, na hakuna haja ya kulichafua jina lililojengwa miaka mingi. Yaishie hapo hapo. Watu kwenye foleni walitikisa vichwa kukubaliana naye. Imelda alisimama katikati, hajui amsikilize nani.

Mzee Kapinga alinyoosha mkono.

"Mrudishie huyu binti risasi," alimwambia Luoga. Kisha akamgeukia Imelda, akamwita kwa cheo. "Afande, andika. Andika jina langu lote. Na kiapo changu ukiandike, neno kwa neno, kama nilivyokitoa."

"Lakini mzee," Luoga alisema, "wewe kweli uliamini ni tupu."

"Niliamini. Na mjukuu wangu alikuwa nyuma ya ukuta." Akaionyesha ile leso kwa kidole. "Bunduki haiwi tupu kwa kiapo, Luoga. Ingekuwa hivyo, basi hii usingeikuta miguuni kwako."

Imelda akaandika. Aliandika huku machozi yanadondokea karatasi, na mzee akatia sahihi kila mahali alipoonyeshwa. Mimi nilichukua ile fomu yangu, nikaandika kwa wino mwekundu juu ya jina langu: nilisaini kabla ya kuona. Kwa hilo nilisimamishwa kazi mwezi mzima, na haikuwa kuonewa.

Ndege iliondoka bila wao. Mzee aliomba simu ya ofisini, akaipigia ile kampuni ya kaskazini, akawaeleza mwenyewe kilichotokea na kwa nini hataweza kuwafundisha watu alichoshindwa kukitenda. Bunduki ilibaki polisi. Leseni aliirudisha kabla hajaambiwa airudishe, na hakuidai tena bunduki ile mpaka alipofariki.

Yaliyotokea nyumbani nilihadithiwa na Mama Skola miaka kadhaa baadaye, siku tuliyokuwa tunachambua mchele wa harusi pale kanisani. Walifika alasiri. Skola alidhani ndege imeahirishwa. Baba yake hakukaa, wala hakupunguza neno. Alimweleza akiwa amesimama mlangoni, kuanzia ile mvua mpaka alama kwenye kitako cha risasi. Skola alimsikiliza mpaka mwisho, mtoto amelala kifuani. Hakulia, hakumlaumu. Alimpa mama yake mtoto, akaingia chumbani, na wakasikia miguu ya kitanda inakwaruza sakafu. Alikuwa anakisogeza upande wa pili wa chumba.

Bunduki haikuwepo tena nyumba ile, na haingerudi. Bado alikisogeza.

Mama Skola aliniambia kwamba katika miaka yote ya simba na majangili hakuwahi kumwona mumewe akilia. Siku hiyo alisimama nje ya mlango akisikiliza ile sauti ya kitanda, na machozi yanamshuka mpaka kidevuni. Kisha aliingia, akashika ule upande wa pili, wakasogeza pamoja.

Waliokuwa kwenye foleni walitawanyika na yale maneno ya mzee, kila mmoja na safari yake. Mfamasia akaanza kumwambia hayo msaidizi wake anayesema dawa ameshazihesabu. Wajenzi wakayachukua, madereva wakayachukua, mpaka leo yanasemwa na watu ambao hawajawahi kuigusa silaha. Nao hawasemi kwamba mwenzao ni mwongo. Mzee Kapinga hakuwa mwongo. Hakukuwa na mtu mkweli kumpita katika mji huu, na aliapa kwa moyo wote, na risasi ilikuwa ndani.

Kesho mtaanza kazi kaunta. Atakuja mtu mnayemheshimu, au mnayempenda, au aliyewahi kuokoa uhai wa mama yenu. Mwamkieni, mpeni kiti, kisha mwombeni afungue sanduku mwone wenyewe. Bunduki haiwi tupu kwa kiapo.