Kikombe cha Mgeni

Hapo zamani, wala si ile zamani ya majitu na wanyama wasemao, bali zamani ya juzi tu, simu zikiwa zimeshapanda mlimani na lami bado inasuasua bondeni, palikuwa na hospitali katika milima ya Upare. Katika hospitali hiyo palikuwa na daktari mwanamke, jina lake Nakunda Msangi.

Daktari Nakunda alitibu saratani ya umio, ile njia inayoshusha chakula kutoka kooni hadi tumboni. Wagonjwa wake walifika wamechelewa. Ugali ulipokataa kupita, walisema ni gesi. Wali ulipokataa, walisema ni uzee. Uji ulipokataa ndipo walipoletwa hospitali, na hapo mara nyingi daktari hakuwa na la kuwapa ila dawa ya maumivu. Wengi walitoka miteremko ileile. Daktari alijiuliza kwa nini, akazeeka akijiuliza.

Alikuwa na wasaidizi watatu wa utafiti, vijana waliomaliza shahada ya pili na kukubali mshahara mdogo. Na hadithi hii ni yao, ingawa mzigo wake ulimwangukia Daktari.

Wa kwanza aliitwa Elieneza Mbwambo, mzaliwa wa hapohapo mlimani. Yeye ndiye aliyepata swali.

Asubuhi moja alipita wodini wakati chai inagawiwa. Akaona wagonjwa wa umio, watu ambao hata kumeza mate kuliwauma, wanarudisha vikombe. Chai ya hospitali, walilalamika, ni maji ya kuogeshea mtoto. Walitaka irudishwe jikoni ichemke. Upande wa pili wa wodi, waliovunjika mifupa walikunywa chai hiyohiyo bila neno. Elieneza akasimama pale na kuwaza: je, kama ni joto? Wazo lenyewe halikuwa jipya duniani. Lilikuwa jipya katika wodi ile. Daktari Nakunda alikuwa amepita humo miaka yote, saa hiyohiyo ya chai, asione kitu. Alipoambiwa akasema, "Mimi nilikuwa naangalia wagonjwa. Wewe umeangalia vikombe."

Elieneza akaandika mpango, akatafuta fedha, akakataliwa, akatafuta tena, akapata. Wote watatu wakapanda vijijini na vipimajoto. Waliingia nyumba zilizotoa wagonjwa, wakaingia na nyumba za majirani zisizokuwa na mgonjwa. Kila nyumba mambo yalikuwa yaleyale: walikaribishwa, wakaketi, wakamiminiwa chai, wakatumbukiza kipimajoto, wakaandika. Walishukuru, wakanywa, wakaenda nyumba iliyofuata.

Majibu yalipojumlishwa, hapakuwa na tofauti. Nyumba zenye wagonjwa na zisizokuwa nao zilikuwa na chai ya moto uleule. Elieneza akashuka mjini kwenye mkutano wa watafiti, akasimama mbele ya maprofesa na kusema alidhani ni joto la chai, na sasa anaona silo. Wakampigia makofi kwa ukweli wake. Swali likazikwa kwa heshima.

Wa pili aliitwa Consolata Nizigama, Mrundi aliyekulia Kigoma. Yeye ndiye aliyelifukua.

Zilikuwa zimebaki nyumba chache za kukamilisha hesabu ya wafadhili, na Consolata akatumwa peke yake. Katika nyumba moja isiyokuwa na mgonjwa, alichoka kungoja sebuleni, akainuka kwenda kumsaidia mwenyeji jikoni. Kwao hilo ni jambo la kawaida. Kule mlimani mgeni haingii jikoni, maana jikoni ndiko njaa ya nyumba inakoonekana. Akakuta vikombe vya wenye nyumba vimepangwa dirishani vinapoa. Chake peke yake kilikuwa kwenye sinia, kinafuka moshi.

Jambo hilo likamkaa kichwani. Nyumba iliyofuata ilikuwa ya Bibi Nakiete, ambaye mumewe alikuwa amechukuliwa na ugonjwa huo. Consolata akaingia jikoni tena, safari hii kwa makusudi. Akamkuta bibi amesimama kando ya mafiga, anakunywa chai iliyotekwa sasa hivi kutoka kwenye sufuria inayochemka, kwa mafunda makubwa, kama mtu anayekunywa maji ya mtungi.

Bibi Nakiete alipogeuka na kumwona, alishusha kikombe taratibu.

"Umekuja kupima chai, au kuhesabu sufuria zangu?"

Consolata aliomba radhi, hakusikilizwa. Alitolewa nje pamoja na kipimajoto chake. Jumapili, baada ya ibada, habari ilikuwa imezunguka mlima mzima kwamba watu wa hospitali wanachungulia majiko ya watu, na milango yote ikafungwa. Lakini Consolata alirudi hospitali na jambo mkononi.

"Tulipima adabu," alimwambia Daktari Nakunda. "Chai yao hatujaipima bado."

Akaeleza. Kila nyumba ilimpa mgeni chai inayotokota, kwa sababu kumpa mgeni chai ya vuguvugu ni kumwambia aondoke. Nao watafiti, kila nyumba, walipima kikombe walichopewa. Wenyeji wenyewe wanakunywaje, kila nyumba na mazoea yake, hakuna aliyejua, maana hakuna aliyetazama. Elieneza na mwenzao wa tatu, Namsifu, walikuwa wamelelewa tangu utotoni kutochungulia kikombe cha mwenye nyumba. Hata wazo la kukipima halikuwajia. Lilikuwa kosa ambalo mtu asiye na malezi asingeweza kulifanya.

Elieneza akarudi mjini. Mbele ya maprofesa walewale waliompigia makofi, akasema alikosea. Safari hii makofi yalikuwa machache.

Wa tatu aliitwa Namsifu Mgonja, naye pia mtoto wa mlimani. Yeye ndiye aliyepata jibu.

Kusema kweli, Namsifu hakutegemewa sana. Hesabu za takwimu zilimtoa jasho, na alicheka mno kwenye mikutano. Elieneza alikuwa akimtania kwamba yeye ameajiriwa kuwaamsha wagonjwa. Sasa kazi iliyobaki ilionekana haiwezekani. Ilibidi kupima kikombe cha mwenye nyumba, wakati anakipeleka mdomoni, katika nyumba zilizokwisha kufunga milango. Na kule kuchovya kitu katika kikombe cha mtu anayekunywa si utovu wa adabu tu. Kunanuka sumu.

Namsifu alipanda kwa Bibi Nakiete bila kipimajoto. Alichukua jembe. Ulikuwa msimu wa kuvuna tangawizi, na bibi alikuwa na mabega mabovu. Namsifu akachimba, akaosha, akabeba. Siku za kwanza aliletewa chai sebuleni, kwenye sinia, inatokota. Alikunywa, akaunguza ulimi, akarudi shambani. Akachota maji. Akapasua kuni. Akagombana na mbuzi wa jirani. Asubuhi moja bibi alimimina chai akawapa wajukuu kwanza, akajimiminia mwenyewe, halafu akamsukumia Namsifu kikombe kilichomeguka ukingo, bila hata kusema karibu.

Hapo Namsifu alijua amekwisha kuwa mtu wa nyumbani.

Kesho yake alikuja na kipimajoto, akamweleza bibi anachotafuta na kwa nini, akakitumbukiza katika kikombe chake mwenyewe. Bibi aliuliza kinasemaje. Akaambiwa. Akacheka, akasogeza kikombe chake.

"Hicho chako ni cha mtoto mchanga. Pima na changu, uone watu wanavyokunywa."

Kutoka jiko hilo alipelekwa jiko la pili, na la tatu, bibi mwenyewe akitangulia na kusema huyu ni mtu wake. Kila nyumba Namsifu alianza kwa kazi, akamaliza kwa kipimo. Majibu yalipojumlishwa, tofauti ilionekana wazi: nyumba zilizotoa wagonjwa zilikunywa chai ya moto zaidi, na haraka zaidi. Haukuwa ushahidi wa mwisho. Vitu viwili kuonekana pamoja si sawa na kimoja kukizaa kingine. Lakini swali lilikuwa limepata miguu.

Sasa sikilizeni mzigo ulivyomwangukia Daktari Nakunda.

Chuo kikuu kimoja cha ng'ambo kilisoma matokeo yale na kuandika. Kilikuwa na ufadhili wa masomo ya uzamivu kwa wanafunzi wa nje wanaotafiti saratani: ada, makazi, na maabara ambako mtu angeweza kuona joto linafanya nini katika nyama ya koo. Kilimtaka mtafiti wa kikombe kile. Nafasi ilikuwa moja. Jina litumwe kabla ya Ijumaa jioni.

Daktari aliwauliza watu wa chuo hicho kama nafasi inaweza kugawanywa. Wakamjibu kwa upole kwamba haiwezekani. Naye alikuwa karibu kustaafu. Atakayekwenda ndiye angerudi kushika idara, na fedha za utafiti zilikuwa zinaishia hapo. Watakaobaki wangelazimika kutafuta riziki kwingine. Kuandika jina moja kulikuwa kufuta mawili.

Akawaita watatu ofisini, akawaambia kila mmoja aseme haki yake mbele ya wenzake, bila kujificha nyuma ya unyenyekevu.

Elieneza akaanza. "Swali ni langu, Daktari. Kosoeni kipimo, rekebisheni kipimo, lakini kipimo cha nini? Kama nisingesimama pale wodini, Consolata angekuwa anapima presha, na Namsifu angekuwa anachimba tangawizi kwa ajili ya tangawizi."

"Swali lako ulilizika mwenyewe, kaka," Consolata akasema. "Na mazishi tulihudhuria, tukala wali. Mngeendelea kupima vikombe vya wageni mpaka kustaafu. Wengine wote waliona chai. Mimi niliona kosa, na katika kazi hii anayeona kosa ndiye anayeokoa kazi."

Namsifu alikuwa anacheka chinichini. Daktari alimtazama mpaka akaacha.

"Mmoja aliuliza, mmoja akakosoa," Namsifu akasema. "Na mlango ulikuwa umefungwa. Huko ng'ambo hawakusoma swali, wala hawakusoma kosa. Wamesoma namba, na kila namba iliyomo nimeifuata jikoni kwa mtu. Ulimi wangu mpaka leo hauonji chumvi vizuri."

Daktari Nakunda aliwasikiliza, akaona kila mmoja amesema kweli. Alijaribu kumtoa mmoja na kuangalia kama kazi inasimama. Akamtoa Elieneza, kazi haikuzaliwa. Akamtoa Consolata, kazi ilikufa. Akamtoa Namsifu, kazi haikufika. Akawaambia watoke, kisha akamwita kila mmoja peke yake na kumuuliza swali moja tu: asipokwenda yeye, aende nani? Alijisemea kwamba atakayetajwa na wenzake wawili ndiye atakayemwandika, na roho yake itatulia.

Elieneza alimtaja Consolata. Alieleza jambo ambalo Daktari hakulijua. Consolata alipogundua kosa, kabla ya kuja ofisini, alikwenda kwanza nyumbani kwa Elieneza, akamweleza faraghani, akamwacha aamue mwenyewe namna ya kulitangaza mjini. Angeweza kuliandika kwa jina lake na kupata sifa. "Hakunivua nguo mbele ya watu," Elieneza akasema.

Consolata alimtaja Namsifu. Naye alieleza jambo jipya. Siku ya kwanza Namsifu alipopanda na jembe, kabla hajachimba hata tangawizi moja, alimpigia bibi magoti kumwombea Consolata msamaha, akasema mgeni alifuata adabu ya kwao. Na Bibi Nakiete alipokubali mwishowe, Namsifu alimpigia Consolata simu apande, akamkalisha jikoni, ndani kabisa. "Nilifukuzwa mlimani mbele ya watu wote," Consolata akasema. "Yeye ndiye aliyenirudisha."

Daktari akavuta pumzi. Zamu ya Namsifu ilikuwa imebaki, na Namsifu akimtaja Consolata, jambo limekwisha.

Namsifu alikaa, akatazama mikono yake, akamtaja Elieneza.

"Vikombe vile vya wageni tulivipima sote watatu," akasema. "Mimi nilipima vingi kuliko wote. Alipokwenda mjini mara ya pili, profesa mmoja alimuuliza ni nani katika timu yake aliyefanya uzembe ule. Nilikuwa nimekaa nyuma, nasikia. Akajibu, ni mimi. Hakusema sisi. Daktari, mimi nisingeweza."

Basi kila mmoja alikuwa na kura moja, na Daktari Nakunda alikuwa palepale alipoanzia, ila sasa alikuwa anawapenda zaidi, na hilo halikumsaidia.

Ijumaa ilifika. Alikaa mbele ya kompyuta, akaandika jina, akalifuta. Akaandika la pili, akalifuta. La tatu nalo akalitazama kwa muda. Nje kwenye benchi mwanamume mmoja kutoka miteremko ileile alikuwa anangoja zamu yake, ameletwa na binti yake. Muuguzi alikuwa ameshaingia kumwambia Daktari kwamba kwa huyo wali umeanza kukataa, ila uji bado unapita.

Jina lilitumwa kabla jua halijazama, na mtu mmoja akapanda ndege. Tuliache jina hilo huko lilikokwenda. Ninyi mliosikiliza, kalieni kiti cha Daktari Nakunda, wekeni vidole kwenye kompyuta ile, na mkumbuke mgonjwa anangoja mlangoni. Aliyeuliza, aliyeona kosa, na aliyefika jikoni: mngeandika jina la nani?