Mlango wa Nyuma wa Kulwa

Kuna wakati ambapo nyumba za bakteria, wale viumbe wasioonekana kwa macho, zilikuwa na mlango mmoja tu, wa kuingilia. Zinki ilikuwa adimu kwenye tope la mto, na bila punje zake chache hakuna kazi ya nyumbani iliyokwenda. Punje ilipobisha hodi ilipokewa kwa mikono miwili, na mila ilikataza kabisa kumtoa mgeni nje.

Kulwa na Doto walikuwa pacha, mwili mmoja uliogawanyika katikati, kama wazaliwavyo bakteria wote. Kulwa alijenga upande wa juu wa mkondo, Doto akajenga chini yake, ukuta kwa ukuta.

Mwaka mmoja mvua ilisomba taka za mashimo ya madini kule mlimani. Zinki ikaja kwa wingi usiomithilika, na pamoja nayo ikaja kadimiamu, sumu iliyofanana nayo hata mlango ukashindwa kuzitofautisha. Wazee wa tope walizipokea zote kwa heshima zao, wakafa wamezungukwa na wageni.

Kulwa hakutaka kufa. Aliona haya, tena sana, lakini alitoboa ukuta wa nyuma akaanza kuzisukuma nje. Pumzi ikamrudia. Kwa furaha yake hakujiuliza alichokitupa kilielekea wapi, na mkondo ulikuwa ukikipeleka kwa Doto.

Sauti ya pacha wake ilipomfikia, ilikuwa imeshafifia.

"Dada Kulwa, leo wageni hawaishi kuja. Kwako hali ikoje?"

Kulwa angeweza kusema. Aliogopa kuambiwa amevunja mila, akajibu kwamba hata kwake ni vivyo hivyo. Doto hakuuliza tena. Kulwa alipokwenda kumtazama alikuta jiko limezimika na punje zimejaa hadi mlangoni.

Alilia mpaka akaishiwa sauti. Kisha akanyoosha mkono hadi kwa Mabula, jirani asiye wa ukoo wake.

"Toboa ukuta wa nyuma," alimwambia. "Mwenzangu sikumwambia."

Na tangu siku hiyo kila bakteria ana bawabu anayeonja zinki: ikipungua hufungua mlango wa mbele, ikizidi hufungua wa nyuma. Na mwenye kujua njia ya kuitoa sumu humnyooshea mkono yeyote aliye karibu, hata asiye ndugu, bila kungoja kuulizwa, kwa sababu Kulwa aliulizwa, akaficha.