Nyamizi na Kihenge cha Mke Mwenziwe

Nikiuliza "Niwape?", nyie mjibu "Tupe tushibe."

Niwape?

Tupe tushibe.

Bado hamna njaa. Niwape?

Tupe tushibe.

Haya. Hapo kale, watu walipokuwa bado wanasemezana na panya, palikuwa na mzee mmoja, Mihayo, mwenye wake wawili. Mkubwa Nyamizi, mdogo Kalunde. Kila mke na nyumba yake, na shamba lake, na kihenge chake cha mtama. Mashamba yalipakana, na mvua iliyoyanyeshea ilikuwa moja.

Mavuno yakiingia, Nyamizi alipika pombe. Hakuipika kwa kiu. Aliipika ili watu waseme Nyamizi anajua kukaribisha kuliko Kalunde. Watu walikunywa, wakamsifu, wakaenda zao. Kalunde yeye alianika michembe ya viazi, akaanika mlenda, kisha akaziba mdomo wa kihenge chake kwa udongo. Alisema, "Huu ni mtama wa palizi. Utafunguliwa siku tutakapoinama na jembe."

Miezi ya njaa ikafika. Kihenge cha Nyamizi ukikigonga kinalia. Watoto wake walikunywa uji mwepesi asubuhi, wakanywa uji mwepesi mchana, jioni wakapotelea kwa mama mdogo. Na Mihayo naye akaanza kusahau zamu ya Nyamizi, ila ya Kalunde aliikumbuka kila siku. Wanaume wana kumbukumbu ya ajabu, tuyaache hayo.

Nyamizi akaona wivu. Akasema, "Jua moja, mvua moja, mume mmoja. Mbona yeye ana, mimi sina? Huyu anafuga chuma ulete, kinavuta mtama wangu kinampelekea."

Akamwendea Panya aliyeishi nyuma ya jiko lake. "Panya, nenda kwa Kalunde ukaniangalizie."

Panya akasema, "Nipe kibaba, nikupe habari."

Nyamizi hakuwa na nafaka ila ile ya mbegu, ndani ya kibuyu. Akapima kibaba. Panya akala, akaenda, akarudi. "Anapika mlenda na michembe. Kihenge hajakigusa."

"Anaficha. Rudi ukatazame vizuri."

"Nipe kibaba, nikupe habari."

Akapima cha pili. Panya akala, akaenda, akarudi. "Nimetazama uvunguni, nimetazama darini, nimetazama chunguni. Chuma ulete hakuna."

Mtu akishashikwa na wivu, ukimwambia hakuna ndiyo kwanza anakiona. Nyamizi akasema, "Basi kipo ndani ya kihenge. Katoboe."

"Nipe kibaba, nikupe habari."

Nyamizi akakung'uta kibuyu mpaka punje ya mwisho.

Safari hii Panya hakwenda peke yake. Aliita wajomba, akaita mashangazi, akaita hata wakwe. Wakatoboa kihenge kwa chini, wakala siku nyingi, na udongo wa mdomoni ukabaki mzima vilevile. Panya akarudi tumbo linaburuta.

"Umekiona chuma ulete?"

"Hakuna."

"Ndani kuna nini?"

"Hakuna. Kulikuwa na mtama, sasa hakuna."

Niwaambie ukweli, Nyamizi alifurahi. Alifurahi siku nzima, na alikuwa hajala.

Mvua ikanyesha. Kalunde alikuwa na mbegu zake, akapanda. Nyamizi akasimama mpakani na jembe, hana hata punje ya kufukia. Magugu yakaota, palizi ya kwanza ikafika. Kalunde akabomoa ule udongo, akaingiza mkono, akakuta makapi na mavi ya panya.

Sasa, mwenye njaa hapalilii kwake. Huenda kupalilia kwa mwenye unga, apewe bakuli jioni. Kalunde akaenda kibarua kwa tajiri wa kijiji cha pili, na huku nyuma magugu yakaumeza mtama wake. Njaa ya mwaka huo ikawa inapika njaa ya mwaka ujao.

Siku ya kwanza ya kibarua Kalunde alimkuta mtu ameinama kwenye mstari wa jirani. Alikuwa Nyamizi. Wakapalilia mpaka mwisho wa shamba.

Kalunde akasema, "Dada, panya wako amenona."

"Amenona."

"Mtama ule niliupima kwa watu wote. Wanangu, wanao, na wewe. Nilijua palizi ikifika utakuwa huna nguvu."

"Mbona hukuniambia?"

"Kila nikija mpakani ulinipa mgongo."

Nyamizi akamtazama. Jembe sawa, matambara sawa, njaa sawa. Hicho ndicho alichokitaka miaka yote, walingane. Akainama, akalia, machozi yakamziba macho, akakata mtama wa tajiri pamoja na magugu. Jioni bakuli lake likapunguzwa. Kalunde akammiminia nusu ya unga wake. Nyamizi akaupokea, akaenda kuwapikia watoto, na kila tonge alilokula lilimuuma.

Ngano yangu naiweka chini, mwenye nafasi tumboni aiokote. Funzo ni hili: mavuno yako ukiyanywa kwa kumkomoa mwenzio, na ya mwenzio ukayatoboa kwa wivu, mtakutana kwenye kibarua cha mtu wa tatu. Mimi nilipita pale wakigawa unga, nikapewa bakuli. Mwenzangu niliyekuwa naye akapewa kubwa zaidi, na mpaka leo sijamsamehe.