Zimwi Lililohamia Kombeni

Sogeeni, mnisikilize. Palikuwa na mjane, Mwanasiti, aliyeikandika nyumba yake mwenyewe mtoto akiwa mgongoni. Siku moja alirudi kutoka kuokota chaza, akakuta zimwi limejilaza ndani, wanawe wako nje wanaungua jua.

“Toka kwangu.”

“Mbona mkali, mama? Mwili wako huo hata kichaka kinakutosha.”

Mara tatu aliliambia litoke, mara tatu likamcheka. Akarudi mwambani kwa hasira. Kidimbwini kaa wa kombe alikuwa akipima kombe tupu la konokono kwa gando lake kabla ya kuhama.

“Ndani hupinda, pakabana, dada,” kaa alimwambia. “Wenye pupa hawapimi. Lipulizie hili mara tatu.”

Alipuliza, likawa kama mtungi. Akapuliza, likawa kama banda. Akapuliza, likawa kama jumba.

Zimwi lilipoliona jumba hilo toka mlangoni lilikuja mbio, likajitosa kichwa mbele, likakwama mabega. Maji yakaanza kujaa.

“Nivute, mama!”

Mwanasiti hakugeuka. Alikuwa na watoto wa kuingiza ndani na uchafu wa zimwi wa kufagia. Nilimwacha akifagia, nami nikarudi kwangu.