Kanga, Fisi na Sheria ya Manjano

Paukwa!

(Pakawa!)

Aa, hiyo ndiyo sauti ya watu walioshiba viazi? Paukwa, nasema!

(Pakawa!)

Hapo sawa. Sogeeni ndani mvua isiwalowanishe, na mikono isilale, pukuchueni hayo maharage huku masikio yakiwa kwangu. Leo asubuhi nimemwona mtu na ndoo, anakwenda kumwagilia nyanya, na mvua hii tangu juzi haijakatika! Simtaji. Hoza, mbona unainama? Nimekutaja mimi? Basi tulia usikilize. Na hadithi yenyewe inatisha, anayeogopa amshike mwenzake.

Hapo zamani za kale, kale sana, wanyama wote walikuwa wakulima. Waliishi katika bonde moja, mto huku, mlima kule, na kila mmoja alikuwa na bustani yake ya nyanya.

Mwaka mmoja jua likawaka, likawaka, likawaka. Mto ukakauka. Majani ya nyanya yakawa ya manjano bustani moja, yakawa ya manjano bustani ya pili, yakaenea bonde zima. Wanyama wakala mizizi, wakala magome, na wengine wakafa kwa njaa.

Walionusurika wakakutana, wakatunga sheria. Sheria ilisema: kila bustani imwagiliwe mitungi mitatu asubuhi na mitungi mitatu jioni. Na mwenye bustani itakayoonekana ina majani ya manjano, avuke mto aende zake, asituletee mkosi tena. Wakamchagua Fisi awe mkaguzi, kwa sababu ana pua kali na miguu haichoki.

Mnasikia? Fisi! Wamemchagua wenyewe.

Mwaka uliofuata mvua zikarudi. Mto ukajaa, udongo ukalowa mpaka ukawa unanata miguuni. Lakini sheria haikubadilishwa. Nani angethubutu? Kila mtu alikuwa anayakumbuka yale manjano. Basi mvua inanyesha, na wao wanamwagilia. Mitungi mitatu asubuhi, mitungi mitatu jioni.

Na kila baada ya siku saba, Fisi alipita bondeni akiimba. Mimi nikiimba, nyinyi mnaitikia "Manjano vuka!" Haya:

*Wenye bustani, tokeni nje!*
(Manjano vuka!)
*Kijani kaa, kijani kaa!*
(Manjano vuka!)

Wa kwanza kuvuka alikuwa Digidigi. Majani manne tu yaligeuka. Fisi akasema, "Twende, nitakusindikiza mwenyewe mpaka ng'ambo, usije ukapotea." Wakaondoka wawili. Fisi akarudi peke yake, na Digidigi hakusikika tena.

Wa pili alikuwa Nungunungu, jirani yake Kanga, ukuta kwa ukuta. Hawa walikuwa wakiazimana chumvi, wakiazimana moto, wakilea watoto pamoja. Siku moja Kanga akachungulia kwenye bustani ya Nungunungu, akaona jani la manjano. Akaogopa mno. Akaona manjano yale yataruka ukuta yaje kwake. Badala ya kumwita jirani yake pembeni, Kanga akapanda juu ya jiwe akapiga kelele, "Manjano! Manjano! Njooni muone manjano!"

Nungunungu akamwangalia, akasema, "Dada yangu, ndiyo umefanya nini?"

Kanga akashuka kwenye jiwe, akaingia ndani kwake. Fisi akaja, akamsindikiza Nungunungu mpaka ng'ambo. Akarudi peke yake, shavu limevimba, amejifunga taya kwa kamba ya mgomba. Wakamuuliza, "Mkaguzi, umepatwa na nini?" Akasema, "Jino hilo, linanisumbua."

Wakampa pole. Ndiyo, pole walimpa.

Wahenga walisema mwenzako akinyolewa, wewe tia maji. Na Kanga maji alitia kweli kweli! Akaacha mitungi mitatu, akamwaga minne, akamwaga mitano. Alikuwa na vifaranga sita, wadogo, hata kuruka hawajui. Akijiambia, "Nikivushwa mto mimi, hawa nani atawalea?"

Asubuhi moja akaingia bustanini. Chini kabisa, kwenye mnyanya wa mwisho, akaona jani moja. La manjano.

Na papo hapo, huku juu, sauti:

*Wenye bustani, tokeni nje!*
(Manjano vuka!)

Kanga afanye nini? Akakimbia, akalikalia lile jani kama anayeatamia mayai. Fisi akafika, akasimama, pua inacheza. "Mama Kanga, mbona umekaa?"

"Nimechoka tu, mkaguzi. Kuchota maji si mchezo."

Fisi akamzunguka. Akamzunguka tena. Kisha akasema taratibu, "Ongeza maji, mama. Ongeza maji." Akaenda zake.

Kanga akaongeza maji. Na kadiri alivyoongeza maji, ndivyo manjano yalivyopanda. Baada ya siku saba yakawa majani matano. Akamsikia Fisi anakuja:

*Kijani kaa, kijani kaa!*
(Manjano vuka!)

Safari hii majani matano hayakaliki. Kanga akayachuma yote, akayameza! Ee, majani ya nyanya, na uchungu wake. Tumbo likamkata, macho yakamtoka. Fisi akamkaribia mpaka pumzi yake ikamfikia, pumzi inanuka mzoga. "Mama Kanga, mbona unatetemeka?"

"Ba... baridi ya mvua, mkaguzi."

Fisi akawatazama wale vifaranga. Akawahesabu mmoja mmoja kwa kidole, mpaka wa sita. "Wamenenepa," akasema. "Ongeza maji, mama. Nitapita baada ya siku saba."

Alipoondoka Kanga akaanguka chini akalia. Alilia kwa hofu, na alilia kwa sababu sasa alijua Nungunungu alijisikiaje siku ile. Mnyanya ulikuwa umelegea, na safu nzima ilikuwa imeanza kugeuka. Hakuna kukalia, hakuna kumeza.

Mara udongo ukafura mbele yake, akatoka Fuko, amelowa chapachapa, amekasirika.

"Wewe mwanamke!" Fuko akafoka. "Unatuua huku chini! Chumba changu kimejaa maji, watoto wangu wanalala wamesimama! Umepatwa na nini?"

"Nyamaza, jirani, tafadhali, nyamaza! Huoni? Nyanya zangu zimekuwa za manjano!"

"Manjano ndiyo nini?"

Kanga akamtazama machoni. Kumbe Fuko macho hayaoni. Maisha yake yote hajui kijani ni kipi na manjano ni yapi. Bonde zima linaogopa rangi, na yeye hata haijui!

"Mimi rangi siijui," Fuko akasema. "Mimi najua mizizi. Mzizi mzima ukiushika ni mgumu. Ya kwako nimeipapasa jana. Imelainika, imekuwa ya utelezi, inanuka kama maharage yaliyochacha chunguni. Hii mimea haina kiu, mama. Inazama!"

"Lakini sheria inasema maji."

"Sheria ilitungwa mwaka wa jua. Leo kuna jua? Chimba hapo kwa ukucha. Chimba, nasema!"

Kanga akaparura udongo kwa kucha zake. Juu pamelowa. Akaparura tena, ndani pamelowa zaidi. Akaparura mara ya tatu, maji yakajaa kwenye kishimo.

"Umeona? Huku chini nimewasikia wakulima wa zamani wakisema mmea ukila vibaya hugeuka," Fuko akasema. "Ukikosa maji hugeuka. Ukikosa mbolea hugeuka, na huo hauhitaji maji, unahitaji samadi. Ukiugua, ukaota madoa na kujikunja, hugeuka, na huo ndio unaong'olewa ukachomwa moto kabla haujaambukiza wenzake. Na ukizidiwa maji hugeuka pia. Jani la chini kabisa likizeeka nalo hugeuka, likaanguka, hata hakuna ugonjwa. Sasa wewe utajuaje ni lipi, kama hujashuka chini ukatazama?"

"Nifanye nini, jirani? Nina siku saba."

"Acha maji. Chimba mfereji maji yatoke yateremke mtoni. Tifua udongo kidogo kidogo, usikate mizizi, upate kupumua. Majani yanayogusa tope yakate. Na usimwagilie mpaka ukichimba ukucha mzima ukute pamekauka."

"Nikiacha maji navunja sheria!"

"Basi endelea kumwaga, ufe na sheria yako," Fuko akasema, akarudi chini.

Kanga akasimama na mtungi wake. Aliogopa kumwaga, na aliogopa kutomwaga. Akawatazama wanawe sita. Kisha akauweka mtungi chini.

Akachimba mfereji, yeye juu, Fuko chini. Vifaranga wakabeba udongo kwa midomo. Siku ya kwanza manjano yako vilevile. Siku ya tatu yako vilevile. Kanga hali, halali. "Fuko, hayarudi kuwa kijani!"

"Lililogeuka limegeuka, halirudi," Fuko akajibu. "Usitazame hapo. Tazama juu kabisa, panapochipua. Mimi sioni, niambie wewe."

Kanga akainua shingo. Kileleni pametoka jani dogo kama ukucha wa kifaranga. Kijani kibichi.

Siku ya saba ikafika. Wanyama wote wakaja kushuhudia, maana habari zilikuwa zimeenea kwamba Kanga hamwagilii. Wakasimama kwenye tuta. Na Fisi akaja:

*Wenye bustani, tokeni nje!*
(Manjano vuka!)

"Naona manjano," Fisi akasema, mate yanamtoka. "Moja, mbili, tatu... Na mtungi mkavu! Mama Kanga, twende nikusindikize. Na watoto wako pia, hatuwezi kuacha mbegu ya mkosi."

Vifaranga wakajificha chini ya mabawa ya mama yao. Kanga alikuwa akitetemeka mpaka manyoya yanasikika. Lakini akasema, "Nitavuka, mkaguzi. Sheria ni sheria. Ninaomba kitu kimoja. Njia ya ng'ambo inatisha, na mimi nina watoto. Nisindikizwe na wote waliosimama hapa."

Fisi akashtuka. "Haiwezekani. Anayesindikiza ni mimi."

"Kwa nini peke yako? Digidigi ulimpeleka peke yako. Nungunungu ulimpeleka peke yako. Tukiongozana wote kuna ubaya gani?"

Wanyama wakaanza kunong'ona. Fisi akapandwa na hasira. "Nimesema ni mimi!" akanguruma, akapanua mdomo mpana, na ile kamba ya mgomba ikakatika, ikadondoka.

Wote wakaona. Kwenye ufizi wake, katikati ya usaha, umechomeka mwiba mrefu, mweusi na mweupe.

Kisha Kanga akasema, na sauti yake haikutetemeka tena, "Ule mwiba naujua. Nimeuona kila siku ya maisha yangu. Ule ni wa jirani yangu."

Kikulacho ki nguoni mwako! Wanyama wakamrukia Fisi kwa majembe na mitungi. Wakamkimbiza mpaka mtoni, wakamvusha, na mpaka leo Fisi hana bustani, hana jirani, anazurura tu. Huko ng'ambo, chini ya kichaka, wakakuta kijembe cha Digidigi, kibuyu cha Nungunungu, na mifupa.

Waliporudi wakasema, "Fisi ndiye aliyewaua." Kanga akakataa. "Fisi ndiye aliyewala," akasema. "Aliyepanda juu ya jiwe akapiga kelele ni mimi. Bustani ya Nungunungu ilikuwa imezama tu, kama ya kwangu. Mfereji mmoja ungemwokoa." Akalia mbele ya watu wote, wala hakujificha.

Bustani ya Kanga ikapona. Zilipoiva nyanya za kwanza, nyekundu hasa, akajaza kikapu akakipeleka mlangoni kwa Nungunungu. Akakiweka hapo. Kikakaa mpaka zikaoza, maana hapakuwa na mtu wa kutoka kukichukua.

Na ndiyo maana hadi leo, Kanga akiingia shambani huanza kwa kuparura udongo. Huparura, hutazama, huparura tena, ndipo ainue kichwa.

Hadithi hii inatufundisha hivi: ukiona jani limegeuka, usikimbilie ndoo, wala usikimbilie kumpigia jirani yako kelele. Shuka kwenye mzizi kwanza, ujue kilichousibu mmea. Hofu isiyochunguza humlisha fisi.

Mimi hadithi yangu nimeitua hapo. Ikiwa tamu, mezeni. Ikiwa chungu, katemeeni nje ya bustani yangu.

Haya, Hoza, unakwenda wapi na mvua hii? Enhee. Ndoo iache hapo mlangoni, uchukue jembe.