Kitanda cha Bibi Aliyetoroka Wodini

Wapendwa, leo twendeni chuo kikuu, hata sisi tulioishia darasa la saba. Kulikuwa na binti mmoja akisomea udaktari, mwaka wa nne, na darasani hakuna aliyemfikia. Wodini kwao alilazwa bibi mwenye kidonda cha sukari mguuni. Dawa sahihi, kidonda kimeanza kukauka. Asubuhi moja, kitanda kitupu! Bibi katoroka, karudi kwake. Na kidonda kile kikikaa wiki mbili bila dawa, mguu unakatwa.

Binti akakosa raha. Tumekosea wapi? Akalisoma faili mbele na nyuma, asione kitu. Akamwendea profesa wake, mama wa makamo.

"Shikamoo, Profesa. Yule bibi katukimbia kwa nini?"

"Marahaba, mwanangu. Mimi sikulala kile kitanda. Njoo ukalale wewe."

Akamvisha ile miwani ya kompyuta, mmewahi kuiona? Inafunika uso kama ya mchomelea mageti. Ukiivaa, chumba ulichomo hukioni tena, uko pengine kabisa, na ukigeuza shingo unaona hadi nyuma yako. Vijana wa chuo hujifunzia upasuaji humo bila kumwaga damu ya mtu.

Binti akajikuta kalala wodini, anatazama dari. Makoti meupe sita yakamzunguka, watu wa kuchorwa lakini wanatembea na kusema. Wa mbele, daktari mwenye ndevu, hakusalimu. Akafunua shuka mpaka mapajani, wanaume wakiangalia. "Mguu mnauona? Hawa wazee wa shamba hutufikia wameshaanza kuoza." Wenzake wakacheka. Binti akataka kuvuta shuka ajisitiri, mikono isishike kitu.

Akaivua miwani. "Toba! Huyu daktari kalelewa na nani? Profesa, angekuwa mwanafunzi wako, ungemruhusu aguse mgonjwa tena?"

Profesa akamtazama. "Nilikwenda kwa bibi. Nilimbembeleza arudi, akakataa. Hiyo ni asubuhi yake ya mwisho hapa, neno kwa neno alivyonisimulia, na vijana wa kompyuta wakaichora. Ndevu nimezibandika mimi. Daktari ni wewe."

Je, binti alikumbuka? Hata neno moja! Kwake ilikuwa asubuhi kama asubuhi nyingine. Siku ileile akaenda, akapiga magoti mlangoni kwa bibi, akaomba radhi huku analia. Bibi akaagiza aletewe mkongojo wake, warudi wote wodini.

Sasa sisi. Yule mama mjane aliyekuwa akiimba sauti ya pili kwenye kwaya yetu, huu mwezi wa nne hatumwoni. Tumesema nini? "Kapoa kiroho." "Kahamia kwa wale wa miujiza." Tumechunguza imani yake mbele na nyuma, kama lile faili! Nani kati yetu amekwenda kukaa kwenye benchi lake, akasikia alichokisikia yeye? Tulimwambia nini siku ile? Mnakumbuka? Mimi sikumbuki, ndugu zangu, na hilo ndilo linaloninyima usingizi. Maana Jumapili ya mwisho aliyofika hapa, aliyehubiri ni mimi.

Ibada ikiisha naenda kubisha hodi kwake. Asiye na haraka, tufuatane.